Sheria inaadhibu tendo, si mtu: kazi ya wasaidizi wa kisheria wa kujitolea kwa jamii ya LGBT nchini Kenya

Nchini Kenya hakuna sheria inayosema kwamba kuwa shoga, msagaji au transjenda ni kosa. Kilichopo ni vifungu vichache vya Kanuni ya Adhabu vilivyoachwa na utawala wa Kiingereza. Kifungu cha 162 kinaadhibu kujamiiana "kinyume na maumbile" kwa kifungo cha hadi miaka 14, cha 163 kinaadhibu jaribio la tendo hilo kwa hadi miaka 7, na cha 165 kinaadhibu "vitendo vichafu" baina ya wanaume kwa hadi miaka 5. Vyote vitatu vinazungumzia tendo. Anayetaka kumtia mtu hatiani lazima aithibitishie mahakama nani alifanya nini, na nani, lini na wapi. Mavazi, mwendo, sauti, uanachama wa kikundi au picha za wanaume wawili waliokumbatiana hazithibitishi lolote kati ya hayo.

Kazi karibu yote ya kujitolea inayoelezwa hapa inafanyika kwenye nafasi hiyo kati ya mtu na tendo. Polisi, mwenye nyumba, mlaghai wa mtandaoni na jirani mwenye hasira wote hufanya kana kwamba nafasi hiyo haipo. Msaidizi wa kisheria wa mtaani yuko pale kuwakumbusha kwamba ipo, na kukumbusha kwa karatasi, si kwa kelele.

Hukumu tatu ambazo watu huzichanganya

Ya kwanza inahusu usajili. Mwaka 2013 bodi iliyosimamia mashirika yasiyo ya kiserikali ilikataa kusajili shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji, ikisema majina yaliyopendekezwa hayakubaliki kwa kuwa Kanuni ya Adhabu inaharamisha mapenzi ya jinsia moja. Mwombaji, mwanasheria Eric Gitari, alikwenda Mahakama Kuu na kushinda Aprili 2015. Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye Machi 2019, na tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu ikafunga mjadala kwa majaji watatu dhidi ya wawili. Waliokuwa wengi walisema Ibara ya 36 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kujumuika, na kwamba kumnyima mtu usajili kwa sababu ya mwelekeo wake wa kimapenzi ni ubaguzi unaokatazwa na Ibara ya 27. Mbunge Peter Kaluma aliomba mahakama hiyo ipitie upya uamuzi wake; ombi likatupwa Septemba 2023.

Ya pili ilianzia Ukunda, Kaunti ya Kwale. Wanaume wawili walikamatwa Februari 2015, wakapelekwa hospitalini Mombasa na kupimwa sehemu ya haja kubwa kwa nguvu ili "kuthibitisha" kosa. Mahakama Kuu ya Mombasa iliona hakuna ubaya. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufani ikageuza uamuzi huo na kusema vipimo hivyo vilivunja haki zao. Mwaka uliotangulia, 2017, chama cha madaktari wa Kenya kilikuwa tayari kimeshavilaani.

Ya tatu ni ile iliyoshindwa. Tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu walikataa ombi la kufuta vifungu vya 162 na 165.

Kwa hiyo aliyesema mwaka 2023 kwamba "mahakama imehalalisha ushoga" alikosea, na anayesema kwamba kikundi cha LGBT hakiruhusiwi kuwepo naye amekosea. Kujumuika kunaruhusiwa, vipimo vya nguvu haviruhusiwi, na vifungu vya adhabu bado vipo vitabuni. Msaidizi wa kisheria anapaswa kuyajua matatu haya pamoja na tarehe na mahakama, kwa sababu afisa wa zamu akitajiwa "Mahakama ya Rufani, Mombasa, Machi 2018" husikiliza kwa namna tofauti na akiambiwa "haki za binadamu".

Simu ya usiku

Mtu anapokamatwa, anayepokea simu huuliza kwanza mambo manne: ni kituo gani, alikamatwa saa ngapi, nani aliyemkamata, na ameambiwa ni kosa gani. Saa ya kukamatwa ndiyo muhimu kuliko yote. Ibara ya 49 ya Katiba inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au kama saa hizo zinaishia nje ya muda wa kazi wa mahakama, basi kabla ya mwisho wa siku inayofuata ya mahakama. Saa huanza kuhesabiwa pale mtu alipokamatwa, si pale jina lake lilipoandikwa kituoni. Mtu huzungushwa ndani ya gari kwa muda mrefu, aandikwe baadaye sana, na saa zile za katikati zipotee. Ujumbe alioutuma kwa rafiki akiwa garini, au hata muamala wa M-Pesa aliolazimishwa kuufanya njiani, ni ushahidi wa saa halisi, maana ujumbe wa M-Pesa una tarehe, saa, jina la mpokeaji na namba ya muamala yenye herufi na tarakimu kumi.

Aliyekamatwa Ijumaa jioni anaweza kukaa ndani hadi Jumatatu bila Katiba kuvunjwa. Ndiyo maana juhudi za Ijumaa huelekezwa kwenye dhamana ya polisi kabla ya zamu kubadilika.

Kituoni huenda watu wawili, si mmoja wala kumi. Wanavaa nguo za kawaida na kubeba vitambulisho vyao. Mmoja anazungumza, mwingine anaandika. La kwanza kuomba ni nambari ya OB, yaani nambari ya tukio katika daftari la kituo, ambayo huandikwa kwa mpangilio wa namba ya tukio, siku, mwezi na mwaka, kwa mfano 34/12/05/2024. Kama hakuna nambari, basi kimaandishi mtu huyo hayupo kituoni, na hiyo ni hatari kwake. Hapo unamwomba mkuu wa kituo, kwa upole na mbele ya shahidi, aandikishe.

Kisha unauliza: "Afande, ameandikiwa kosa gani?" Mara nyingi si kifungu cha 162, kwa sababu polisi wenyewe wanajua ugumu wa kukithibitisha. Huwa ni kuvuruga amani, ulevi, au kwa watu wa transjenda, kujifanya mtu mwingine kwa sababu picha na jina kwenye kitambulisho havifanani na aliyesimama pale. Hili la mwisho hupungua makali kama mtu ana nakala ya hati yake ya kubadili jina. Anayeishi kwa jina jipya bila hati hiyo ashauriwe kuishughulikia mapema, siku ambayo hana shida na mtu.

Usijadiliane kaunta kuhusu dini, maumbile au mwelekeo wa kimapenzi. Kila sentensi utakayotamka juu ya maisha ya aliyekamatwa inaweza kuandikwa. Mazungumzo yabaki kwenye kosa, saa na dhamana. Bondi ya polisi, yaani ahadi ya maandishi ya kufika mahakamani, haina malipo. Dhamana ya pesa taslimu inarudishwa kesi ikiisha, na lazima itolewe risiti. Pesa isiyo na risiti ni hongo hata kama imeitwa dhamana, na anayeilipa leo atatembelewa tena mwezi ujao kwa sababu sasa inajulikana kwamba analipa.

Aliyekamatwa ana haki ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili, na ya kuelezwa sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa. Asitie sahihi maelezo ambayo hajayasoma. Akitishiwa kupelekwa hospitalini kupimwa, atamke wazi kwamba hakubali, na msaidizi aandike saa aliyotamka hivyo na jina la afisa aliyesikia. Kuhusu simu yake, wakili atataka kujua kama ilifunguliwa kwa amri ya mahakama au kwa makofi, kwa sababu Ibara ya 31 inalinda faragha na Ibara ya 50 inairuhusu mahakama kutupa ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki iwapo kuupokea kutaharibu usawa wa kesi.

Kosa kubwa kuliko yote katika usiku kama huo linatoka upande wetu, nalo ni kumpigia simu mama au kaka wa aliyekamatwa bila kumwuliza mwenyewe. Dhamana hutafutwa kwa haraka, mtu anasema "tupigieni nyumbani watume pesa", na jamaa anajua kwa mara ya kwanza, kutoka kwa mgeni, jambo ambalo mwenyewe hakuwa tayari kulisema. Kesi inaisha kwa siku mbili. Kufukuzwa nyumbani hakuishi. La pili ni kuweka habari mtandaoni kabla mtu hajatoka. Umati ukijaa langoni, mkuu wa kituo ambaye angetoa bondi kimyakimya hawezi tena kuonekana ameitoa.

Walaghai wa mtandaoni

Kwa wengi tishio la kila siku ni kunyang'anywa pesa, kuliko hata kesi. Mtu anakutana na mwingine kwenye programu ya kutafuta wapenzi, wanapanga kuonana, na akifika chumbani wanaingia wanaume watatu. Wanampiga picha, wanampora simu, wanamlazimisha kuhamisha pesa, kisha wanatishia kumuanika kwa mwajiri na familia. Walaghai wanategemea jambo moja tu, kwamba mhanga anaamini kwenda polisi ni kujishtaki mwenyewe.

Si kweli. Kudai mali kwa vitisho ni kosa la jinai bila kujali mhanga ni nani, na Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya 2018 inaadhibu pia unyanyasaji wa mtandaoni na usambazaji wa picha za faragha. Katika maelezo yake mhanga anahitaji kusema kwamba aliitwa mahali fulani na mtu fulani, akapigwa, na pesa zake zikachukuliwa. Hana wajibu wa kueleza alikwenda kutafuta nini. Msaidizi wa kisheria akae naye waandike maelezo hayo kwenye karatasi kabla ya kwenda kituoni, sentensi kwa sentensi, ili akiwa mbele ya afisa asianze kujieleza zaidi ya anachoulizwa.

Ushahidi unakusanywa kwa utaratibu huu. Usifute mazungumzo, hata yale yanayokuaibisha. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba kamili ya simu au jina la akaunti, tarehe na saa, na picha ya wasifu wa mlaghai, maana atafuta akaunti ndani ya saa chache. Hifadhi kila ujumbe wa M-Pesa, kisha omba taarifa ya miamala kwa *334# ili iwepo nakala isiyo ya simu yako. Kama kesi itafika mahakamani, nakala zilizochapishwa kutoka kwenye simu zinahitaji cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinachoeleza kifaa gani kilitumika na nani alichapisha. Ushahidi mzuri hukataliwa kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Na usilipe mara ya pili. Malipo ya kwanza mara nyingi yanafanyika kisu kikiwa shingoni, na hakuna wa kulaumiwa. Malipo ya pili hayanunui ukimya. Yanamwonyesha mlaghai kwamba mlango bado uko wazi.

Aliyepigwa anahitaji fomu ya P3 ya kuthibitisha majeraha, ambayo polisi huitoa na daktari huijaza. Aliyebakwa, mwanamume au mwanamke, aende hospitali kwanza na polisi baadaye, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa siku 28. Asioge kabla ya kuonwa na daktari. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, kamwe si wa plastiki, kwa kuwa unyevu ukifungiwa huharibu ushahidi. Daktari hujaza fomu maalum ya huduma baada ya ubakaji kwa nakala tatu. Msaidizi ahakikishe tarehe na saa zimejazwa kwenye kila nakala. Mara nyingi hujazwa ya juu tu. Kwa asiye na wa kumsindikiza, namba ya bure ya 1195 hupokea taarifa za ukatili wa kijinsia.

Daftari lenyewe ni hatari

Kikundi kinachoweka kumbukumbu za matukio kinajenga, bila kukusudia, orodha ya watu ambao mtu mbaya angependa kuwa nayo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inauhesabu mwelekeo wa kimapenzi kuwa data nyeti, kwa hiyo kikundi kina wajibu wa kisheria pamoja na wa kiutu.

Utaratibu unaofanya kazi ni kutenganisha. Fomu ya tukio hubeba msimbo, sema KS-07, na kueleza kilichotokea, mahali, saa, nambari ya OB na hatua zilizochukuliwa. Jina na namba ya simu vinakaa kwenye orodha nyingine, mahali pengine, mikononi mwa watu wawili tu. Orodha hizo mbili zisilale kwenye kompyuta moja wala mfuko mmoja. Ridhaa iombwe kwa mafungu: unakubali tuandike? unakubali tumpe wakili? unakubali tuitumie kwenye ripoti bila jina? Anayekubali la kwanza anaweza kukataa la tatu, na ana haki ya kubadili nia baadaye.

Makundi ya WhatsApp ndipo mambo huvujia. Kundi la watu 150 linaloanza kama la mkutano mmoja linabaki wazi miezi sita, na hakuna anayejua tena nusu ya waliomo. Mtu mmoja akipiga picha ya orodha ya wanachama, namba zote ziko mitaani. Kundi la kazi liwe dogo, liwe na ujumbe unaojifuta, na lifungwe kazi ikiisha. Simu ya msaidizi ifungwe kwa namba ya siri badala ya alama ya kidole, kwa sababu kidole kinaweza kushikwa kwa nguvu.

Mtwapa na somo la majirani

Februari 2010 uvumi ulienea Mtwapa, kaskazini mwa Mombasa, kwamba wanaume wawili wangefunga ndoa. Viongozi wa Kiislamu na wa Kikristo wa eneo hilo wakatoa tamko, na umati ukavamia kituo cha afya cha taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI kilichotoa huduma za VVU. Watu walipigwa, wengine wakachukuliwa na polisi. Kituo hakikuwa na uhusiano wowote na harusi hiyo.

Baada ya hapo vikundi vya Pwani, PEMA Kenya ya Mombasa kikiwemo, viliwekeza kwenye mazungumzo na masheikh na wachungaji. Ni kazi ya polepole, na ina kanuni zake. Huanzi na mwelekeo wa kimapenzi. Unaanza na jambo ambalo kiongozi wa dini tayari anaona ni wajibu wake, yaani kuzuia damu isimwagike, kumtembelea mgonjwa, kutomzushia mtu. Unaanza na mmoja mmoja, nyumbani au ofisini kwake, kabla ya kukutana na kundi. Humwombi abadilishe fundisho la dini yake. Unamwomba jambo linalopimika: siku uvumi ukitokea akupigie simu kabla ya kupanda mimbarini. Ahadi hiyo moja kutoka kwa imamu mmoja ina thamani kuliko warsha tatu za hotelini, na tunalisema hili tukijua bajeti nyingi bado zinakwenda hotelini.

Vivyo hivyo kwa chifu, wazee wa nyumba kumi na vijana wa bodaboda wa kituo cha karibu. Bodaboda ndio wa kwanza kusikia uvumi na ndio wa kwanza kufika penye umati. Kikundi kinachowapa kazi ya kusafirisha wagonjwa kwenda kliniki, na kuwalipa kwa wakati, kina masikio mtaani.

Kusajili kikundi, na pesa

Vikundi vya mtaani husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, inayotaka wanachama wasiopungua kumi, katiba ya kikundi na kumbukumbu za mkutano wa kwanza. Mashirika makubwa yanafuata Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa 2013 na kuanza kutumika Mei 2024 tu. Hukumu ya 2023 inakulinda ukitaja LGBT waziwazi kwenye jina. Hata hivyo vikundi vingi vidogo huchagua jina la afya ya vijana au usawa wa jamii, na huo si woga: majina na vitambulisho vya wanachama hubaki kwenye faili la ofisi ya serikali, na karani yeyote anaweza kulifungua. La kuangalia ni malengo kwenye katiba. Ukiandika afya peke yake, siku utakapoanza kusaidia waliokamatwa utaulizwa kwa nini unatoka nje ya malengo yako. Andika afya, msaada wa kisheria na elimu ya jamii tangu mwanzo.

Kujitolea hakumaanishi kulipia kazi kutoka mfukoni. Nauli ya usiku, muda wa maongezi, chai ya mtu aliyelala seli, malazi ya siku tatu kwa aliyefukuzwa: yote ni pesa, na vikundi vingi viliitegemea ya nje. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, vituo vya afya rafiki kwa makundi haya vilifungwa au kupunguza huduma, na waelimishaji rika waliokuwa wakipata posho wakabaki bila kitu huku simu zikiendelea kuingia. Vilivyoendelea kufanya kazi vilikuwa na mfuko mdogo wa dharura wa michango ya wanachama na wakili mmoja au wawili waliokubali kuja bila ada.

Ukivuka mpaka

Hatua hizi zimejengwa juu ya Katiba ya Kenya, na haziwezi kubebwa zilivyo. Tanzania Bara adhabu chini ya kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya huko ni kuanzia miaka 30 hadi maisha, na mwaka 2017 serikali ilisimamisha huduma za vituo 40 vya VVU vilivyohudumia makundi haya. Huko msaada wa kisheria wa wazi unaweza kumweka hatarini yule anayesaidiwa. Uganda, sheria ya 2023 dhidi ya ushoga inafika kifungo cha maisha na hata kifo kwa baadhi ya makosa. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta vipengele vichache tu, kikiwemo kile kilichowalazimu watu kutoa taarifa polisi. Burundi iliharamisha mapenzi ya jinsia moja mwaka 2009. Rwanda na Kongo hazina kifungu kama cha 162, ingawa ukosefu wa sheria haujazuia ukatili wa mtaani. Anayetaka kuanza kazi hii katika nchi hizo aanze na wakili wa nchi yake na swali moja: hapa kwetu, sheria inaadhibu tendo, au imeshaanza kumwadhibu mtu na yule anayemsaidia?